Mtani Aliyeniuzia Gari

Mwl. Edina Mazengo,
Bahi.
10 Juni 2025

Bwana Hamidi,
Yadi ya Magari, Makole,
Dodoma.

YAH: MADAI YA GHARAMA ZA KUTENGENEZA GARI ULILONIUZIA

Tafadhali husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu.

Mimi ni yule mwalimu mstaafu uliyemuuzia gari dogo la rangi ya fedha tarehe 14 Aprili. Naandika barua kwa sababu simu zangu hupokei. Nimepiga mara kumi na moja. Ya kumi na mbili alipokea mtu akasema bosi yuko Dar, na nyuma yake nikakusikia ukikohoa.

Gari lako limetembea siku kumi na nane. Ijumaa ya tarehe 2 Mei tulikuwa tunarudi Bahi kutoka hospitali, na kabla hatujafika Kigwe likagoma. Injini inanguruma, matairi hayaendi mbele wala nyuma. Mume wangu alikaa humo ndani juani saa tatu nzima, maana kushuka peke yake hawezi na mimi kumbeba siwezi.

Lilivutwa hadi Nzuguni kwa fundi Geofrey. Huyu nilimfundisha darasa la nne, na hawezi kunidanganya kwa sababu mpaka leo ananiogopa. Alipofungua giaboksi akakuta ilishafunguliwa zamani, ikajazwa oili nzito ili isipige kelele. Maana yake kuna mtu aliyejua inaumwa, akaiziba mdomo.

Matengenezo yamefika shilingi 1,730,000. Nimeuza mpunga wangu wote, nimelipa laki nane. Zimebaki laki tisa na thelathini, na mwenye gereji amesema gari halitoki mpaka aione shilingi ya mwisho.

Sasa nikueleze kwa nini sina muda wa kubembelezana. Mume wangu alipata kiharusi mwezi Februari, upande wa kulia. Mtaalamu wa mazoezi alituambia miezi sita ya mwanzo ndiyo ya kuupigania mguu. Ikipita hiyo, tutakachobaki nacho ndicho hichohicho. Alitakiwa Dodoma kila Jumanne na Ijumaa. Kwenye basi hapandi, na gari la kukodi kwenda na kurudi ni laki na ishirini. Gari lile nililinunua kwa kiinua mgongo changu kwa ajili ya mguu ule, Bwana Hamidi. Si kwa ajili ya fahari. Wiki ya sita hii amekaa tu.

Nakupa siku saba. Nakala ya barua hii ninayo.

Edina Mazengo (Mwl.)


Makole, 16 Juni 2025

Kwa heshima kubwa Mwalimu, shikamoo.

Kwanza uniwie radhi kwa habari ya simu. Kikohozi ni changu, sikatai. Pili, nakupa pole sana kwa maradhi ya mzee. Sikuwa na habari nayo, Mungu shahidi yangu.

Lakini Mwalimu, hapo kwenye kuziba mdomo umenionea. Dini yangu inanikataza kuficha aibu ya mali ninayouza, na mimi sikuificha. Nilikutajia, mchana kweupe, mbele za watu. Hebu kumbuka. Ulikuwa umeshakaa kwenye usukani, mimi nimesimama dirishani. Walikuwepo Wambura dalali na Bi Evelina anayetuuzia chai. Nilikuuliza mwenyeji wa wapi, ukasema Mgogo wa Bahi. Nikasema basi mimi Mnyamwezi, babu wa babu yangu alipita Ugogo na mzigo wa pembe kichwani, na kila kisima mlimtoza hongo ndipo anywe maji. Halafu nikasema hivi, maneno yangu nayakumbuka: "Mtani, gari hili giaboksi yake mgonjwa, mwezi haliumalizi. Nakuuzia makusudi, nilipize hongo ya maji."

Ukacheka mpaka ukavua miwani! Ukanijibu, "Lete kadi ya gari hapa, mpagazi wewe, ungekuwa unajua magari usingebeba pembe kwa kichwa." Wambura alicheka akamwaga chai. Waulize wote wawili.

Sasa nilifanyaje tena zaidi ya hapo? Ukweli nimeusema, mwenyewe umeusikia, ukatoa pesa. Na kwenye mkataba imeandikwa gari limeuzwa kama lilivyo, na sahihi iliyopo ni yako, nzuri, ya kimwalimu kweli. Kisheria hunidai, Mwalimu. Nasema kwa adabu zote.

Mfikishie mzee salamu zangu.

Hamidi


Bahi, 19 Juni 2025

Bwana Hamidi,

Marahaba.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilishika kalamu nyekundu, ni mazoea. Mara ya tatu nikaiweka kalamu chini.

Ni kweli, ulisema. Nakumbuka na chai ilivyomwagika. Nilikuwa sijacheka tangu Februari, ndiyo maana nilicheka vile. Nilijiona nimepata mtu. Nilirudi nyumbani nikamsimulia mume wangu, naye akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akasema, "Huyo mtani kweli."

Lakini jamani! Mtani akisema msibani kwamba marehemu alikuwa mwizi wa mbuzi, nani aliwahi kwenda polisi? Mtani akikuambia mkeo ana sura ya ngiri, unakimbia nyumbani kumtazama upya? Ulitaka nijue vipi kwamba hilo moja halikuwa utani? Ungesita kidogo tu. Ungenishika mkono ukasema, Mwalimu, hapa sichezi. Ningeshuka.

Mimi ni mtu wa haki, nilifundisha watoto haki miaka thelathini na tatu, kwa hiyo nasema wazi kwamba sijui tena kama nina haki ya kukudai. Hilo ndilo linaloniumiza. Nilipoamini umeniibia nilikuwa na nguvu. Sasa najiona mjinga aliyeambiwa akacheka.

Na mume wangu hajui kitu. Nimemwambia gari liko gereji linabadilishwa breki, na mtaalamu wa mazoezi amekwenda likizo. Tumeoana miaka thelathini na nne, sijapata kumdanganya hata kwa bei ya vitunguu. Kila Jumanne na Ijumaa anavaa shati safi akidhani labda ni leo, na mimi namvua jioni nalikunja.

Sikutishi na mahakama. Nakuuliza swali moja tu, unijibu kama mtu mzima. Siku ile, ulitaka nikusikie?

Edina


Makole, 23 Juni 2025

Mwalimu wangu,

Sina zaidi ya niliyokwisha kuyasema. Biashara yenyewe mwaka huu imelala. Ndani ya bahasha kuna laki moja, ya huruma, si ya deni. Mnunulie mzee matunda.

Hamidi


Bahi, 24 Juni 2025

Bwana Hamidi,

Laki yako hiyo, imerudi na Anuari yuleyule wa bodaboda aliyeileta, na nauli yake nimelipa mimi. Niliuliza swali, sikuomba sadaka.

E. M.


Bahi, 27 Juni 2025

Mtani wangu Hamidi,

Nakuandikia kwa mkono wa kushoto. Usinione sina adabu, wa kulia umegoma. Barua hii nimeianza Jumanne, leo Ijumaa.

Mimi ndiye Seth, mume wa Mwalimu. Nilikuwa mtu wa reli, stesheni yetu ya Bahi, mpaka nilipostaafu. Mke wangu anaficha barua zenu kwenye pipa la unga. Anasahau kwamba mtu anayeshinda nyumbani anajua kila kilichomo. Kulifikia pipa kulinichukua asubuhi nzima, kwa makalio. Nilifika. Nimezisoma zote, na unga nimekula.

Mtaalamu wa mazoezi hajaenda likizo popote. Alinipigia simu yeye mwenyewe kuuliza nimepotelea wapi. Nilimjibu kwamba mke wangu ana kazi nyingi. Kwa hiyo tunadanganyana wote humu ndani, kwa mapenzi.

Sasa sikia. Natangaza msiba. Mguu wangu wa kulia umefariki dunia baada ya kuugua tangu Februari. Marehemu alizaliwa Bahi, akafanya kazi reli, alipenda mpira na aliwahi kumpiga teke mkaguzi wa tiketi. Ameacha ndugu mmoja, mguu wa kushoto, aliyechoka kwa kufanya kazi za watu wawili.

Mazishi ni Jumamosi, tarehe 5 Julai, saa nne asubuhi, hapa nyumbani. Uliza kwa Mwalimu Edina, utaonyeshwa. Unajua kwetu na kwenu kaburi linachimbwa na mtani, na mtani akiitwa hakatai. Uje na jembe. Ukija na pesa nitakufukuza, sijakuita kwa pesa.

Mwalimu hajui kama nimekuandikia. Usimwambie.

Mtani wako,
Seth


Makole, 7 Julai 2025

Mwalimu Edina na Mzee Seth,

Shikamooni.

Nimerudi salama juzi. Tangu nimerudi nimeianza barua hii mara nne.

Mwalimu, ulipofungua geti ukaniona nimevaa kanzu, jembe begani na sukari kilo mbili ya rambirambi, ulinitazama kama mwizi aliyerudi kuchukua alichosahau. Hukujua lolote, na mimi nilikuwa nimekatazwa kusema. Ile barua ya mzee aliipokea mama yangu, Bi Mwajabu. Alinisomea kwa sauti, mwandiko wenyewe ule wa kupanda na kushuka, na alipofika kwa mkaguzi wa tiketi akacheka mpaka akashika mbavu. Alipomaliza hakucheka tena. Akasema, "Umeitwa na mtani msibani. Mbona bado umekaa?" Akanipa jembe lake mwenyewe.

Nilidhani nakuja kutaniwa na kurudi. Mzee ulikuwa kwenye kiti mlangoni, mguu umefunikwa khanga kama maiti kweli, na majirani wamejaa. Ulinitukana vizuri sana. Ulisema sisi wapagazi tunajua kubeba kila kitu isipokuwa aibu, watu wakaanguka kwa kicheko, na mimi nikacheka. Halafu ukasema, "Mtani, kabla hujachimba, muage marehemu. Ninyanyue." Nikakunyanyua. Nikawa nimekushika kwapani, uzito wako wote kwangu, nikaangalia chini nikaona ule mguu unatafuta ardhi hauioni. Unatetemeka. Nilikusikia unahesabu pole pole, moja, moja, moja, maana mbili haikuja. Majirani walikuwa bado wanacheka kwa sababu hawakuwa karibu kama mimi.

Mwalimu uliniuliza swali nikakutumia laki moja. Leo najibu. Hapana. Sikutaka unisikie.

Gari lile nililipata kwenye mnada, na giaboksi nilijua siku ya pili tu. Ile oili niliiweka mimi. Kabla yako alikuja mteja mwingine, nikamwambia ukweli kwa uso mkavu. Akaondoka hata chai hakunywa. Nikakaa wiki tatu gari haliendi, na mwenye eneo anadai kodi. Halafu ukaja wewe ukasema Mgogo wa Bahi, na moyoni nikafurahi, kwa sababu nilijua hapo hapo namna ya kulisema likasemwa na lisisikike. Jioni ile niliswali nikajiambia, Hamidi, hukuficha. Nilijiambia hivyo kila siku mpaka nilipomshika mzee kwapani.

Sikumpa mtu pesa Jumamosi kwa sababu nilikatazwa. Leo nimekwenda Nzuguni kwa miguu yangu, nimemaliza deni la gereji mbele ya Geofrey. Laki nane ulizotoa wewe nimemkabidhi yeye, na kesho Jumanne atakuja na gari mwenyewe, alfajiri, muwahi hospitali. Kama giaboksi italeta neno tena ndani ya mwaka, ni juu yangu. Nimeandika hivyo kwenye karatasi ya pili, nikatia sahihi.

Naomba mnisamehe. Jembe la mama nimelisahau ukutani kwenu.

Hamidi


Bahi, 12 Julai 2025

Hamidi,

Gari limefika, na laki nane nimezihesabu, zimetimia. Jumanne tulikwenda, na Ijumaa tulikwenda. Mtaalamu amesema tumepoteza wiki tisa nzuri na hataki kutudanganya. Mwezi uliobaki tuutumie kama watu wanaokimbizwa. Ndivyo tunavyofanya.

Mzee na mimi tumetubiana. Nilimwambia habari ya likizo, akanieleza habari ya pipa la unga, tukacheka, kisha nikalia sana, na yeye akanipigapiga mgongoni kwa mkono wa kushoto. Kumbe alinijua tangu siku ya kwanza! Shati safi alikuwa analivaa ili mimi nisijue kwamba anajua. Nilikuwa namwonea huruma, kumbe yeye ndiye anayenionea mimi.

Sasa habari yako. Unaomba msamaha. Pesa umelipa na hilo nalishukuru kwa moyo, si wote wanaolipa. Lakini mtoto akimwita mwenzake mwizi mbele ya darasa, sikubali aje kuomba radhi ofisini kwangu, mlango umefungwa. Anarudi palepale. Wewe ulisema ukweli mbele ya Wambura na Bi Evelina ukiwa umeuvika kicheko. Wale mpaka leo wananiona kuwa ndiye yule mama aliyeambiwa akacheka. Rudi ukauseme tena mbele yao hao hao, bila kicheko. Ukishafanya hivyo niandikie.

Edina


Makole, 20 Julai 2025

Mwalimu, shikamoo.

Nimefanya. Lakini acha nikusimulie.

Alhamisi saa nne, wakati wa chai, niliwaita. Wambura alikuwepo, Bi Evelina alikuwepo, na wateja wawili walikuwa wanazunguka magari. Nikasimama nikasema, "Lile gari la mwalimu wa Bahi lilikuwa bovu, nilijua, nikamwambia kwa utani ili asisadiki. Nilimdhulumu."

Wakacheka, Mwalimu. Wambura akapiga paja akasema, "Bosi leo kaamkia kwa Wagogo!" Nikarudia. Bi Evelina akasema ningekuwa mchekeshaji ningeshatajirika. Sijapata kuona kitu kama kile, nasema ukweli na watu wananicheka machoni. Nikaingia ofisini nikatoka na risiti ya gereji na barua yako ya tarehe 19, ile ya shati safi, nikamsomea Bi Evelina pale penye shati. Akaweka birika chini. Wale wateja wawili wakatoka bila kuaga.

Wambura hajanisemesha vizuri mpaka leo. Bi Evelina ameniambia chai yangu nitalipia kabla ya kunywa. Na magari yaliyobaki nimeyaandikia ubovu wake kwa chaki kwenye kioo cha mbele, kila moja na la kwake. Tangu hapo nimeuza moja tu, lakini aliyelinunua alisoma kwanza.

Ndiyo hayo. Kama umeridhika niambie, na kama bado niambie vilevile.

Halafu mama ananisumbua asubuhi na jioni kuhusu jembe lake. Ana tuta la mchicha uani na jembe la jirani halimkai mkononi. Naomba mumpe Anuari akija.

Hamidi


Bahi, 3 Agosti 2025

Mtani,

Mwalimu ananiambia nikuandikie mimi, kwa sababu yeye akiandika ataanza kulia, na amechoka kulia kwa ajili ya Wanyamwezi. Amesema hivi: ameridhika. Amekusamehe. Na mchicha ukikomaa atakuja kusaidia kuula.

Shikamoo yake Bi Mwajabu. Jembe lake nalirudisha nusu. Chuma hicho amekibeba Anuari, mtaliwekea mpini mwingine huko mjini.

Mpini umebaki kwangu. Niliung'oa siku uliyoondoka, nikaona unanifikia kiunoni barabara, mgumu, na hauteleziteleza kama ile fimbo ya hospitali. Jana nimetoka nao kitandani hadi getini. Hatua arobaini na moja. Mwalimu alihesabu kwa sauti kubwa kama yuko darasa la kwanza, watoto wa jirani wakaitikia. Ya arobaini na mbili nilianguka kwenye mchanga, sikuumia, na mguu wa kulia ndio ulioanza kunyanyuka. Mazishi nimeyaahirisha.

Mama akiuliza mpini uko wapi, mwambie ni hongo. Mlipita kwetu.

Seth
(sahihi hiyo ni ya mkono wa kulia)